Kabla Lipu Haijapigwa

Kuna siku chache katika ujenzi wa nyumba ambazo wenye nyumba wengi hawafiki saiti. Kuta zimesimama, nyumba imepauliwa, fedha zimeanza kukaza, na kila mtu anasubiri lipu ili jengo lianze kufanana na nyumba. Katika siku hizo, iwe ni Goba, Kibaha, Kitengela au Mtwapa, fundi umeme na fundi bomba huingia na grainda zao, wakachana kuta zilizojengwa kwa jasho, wakalaza konditi na mabomba, kisha wakaondoka. Anafuata fundi lipu. Kazi yote ya bomba inafunikwa, na vigae vikishapachikwa bafuni na jikoni, hakuna atakayeiona tena mpaka siku itakapoharibika.

Ni katika siku hizo ambapo usalama wa maji wa nyumba nzima huamuliwa. Koki ikichakaa hubadilishwa kwa nusu saa. Sinki likipasuka hununuliwa jingine. Bomba lililo nyuma ya vigae haliguswi bila kuvunja, na vigae vilivyonunuliwa miaka minane iliyopita mara nyingi havipo tena dukani. Mwenye nyumba anayepanga kwenda saiti mara moja tu kwa mwezi angefanya vyema kuichagua siku ya kabla ya lipu.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, mamilioni ya nyumba nchini humo ziliwekewa mabomba ya plastiki iitwayo polibutileni, mengi yakiwa ya kijivu. Yalikuwa mepesi, ya bei nafuu, na yalipindika kwenye kona bila kuhitaji elbo. Kuta za nyumba nyingi za huko ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa jasi, hivyo mabomba yalipitishwa katika uwazi wa ndani na kusahaulika. Kumbe klorini inayotiwa majini kuua vijidudu ilikuwa inaila plastiki hiyo na viungio vyake, taratibu, kutoka ndani. Kwa nje bomba lilionekana zima hadi lilipopasuka. Kesi ya pamoja ya wenye nyumba ilimalizika mwaka 1995 kwa makubaliano ambamo kampuni za kemikali, zikiwemo Shell na Hoechst Celanese, zilitenga angalau dola milioni 950 kwa ajili ya kubadilisha mabomba na kufidia hasara.

Afrika Mashariki ina historia yake ya mabomba yanayooza gizani, na mhusika mkuu ni bomba la chuma lililopakwa zinki, ambalo mafundi huliita GI. Nyumba na maghorofa ya miji yetu yaliyojengwa kabla ya plastiki kuenea yamejaa GI ukutani. Zinki hulinda chuma vizuri, lakini fundi anapokata bomba na kulichonga thredi ili aliunganishe, anaiondoa zinki mahali hapohapo anapopahitaji zaidi. Kutu huanzia hapo. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inapoongezeka hulisukuma lipu likapasuka na kuvimba hata kabla tone la kwanza halijaonekana. Pwani hali huwa mbaya zaidi, hasa kama lipu lilipigwa kwa mchanga wenye chumvi.

Leo mahali pa GI pamechukuliwa na PPR, plastiki ngumu isiyoshika kutu, inayounganishwa kwa kuyeyushwa. Ni nyenzo nzuri, na kwa bomba la kuzikwa ukutani ni vigumu kupata iliyo bora kwa bei hiyo. Tatizo lake ni kwamba kosa lake halionekani. Mabomba mawili ya milimita 20, moja la PN10 na jingine la PN20, yana unene uleule kwa nje na mara nyingi rangi ileile. Tofauti iko ndani: kuta za PN20 zina unene wa milimita 3.4, na za PN10 ni karibu milimita 2. Herufi PN husema presha ambayo bomba linaweza kuihimili likiwa na maji baridi, na uwezo huo hushuka kadiri maji yanavyopata joto. Bomba la PN10 lililofungwa kwenye hita litatoa maji ya moto vizuri tu mwaka wa kwanza, na hata wa pili. Rangi ya kijani, nyeupe au kijivu haimwambii mnunuzi chochote. Asome maandishi yaliyochapwa ubavuni, kisha atazame unene kwenye mdomo wa bomba.

Kuyeyusha nako kuna kipimo. Mashine huwekwa kwenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 huchomwa kwa sekunde tano hivi, huingizwa kwenye kiungio ndani ya sekunde nne, kisha huachwa litulie dakika mbili bila kuguswa. La milimita 25 huchomwa sekunde saba. Fundi mwenye haraka anayelichoma kupita kiasi na kulisukuma kwa nguvu huacha pete ya plastiki iliyoyeyuka ndani ya bomba, na njia ya maji ikasinyaa. Nyumba ya namna hiyo huwa na bafu moja linalotoa maji kwa unyonge miaka yote, na lawama huangukia tenki kuwa chini mno. Anayechoma kwa muda mfupi mno naye huacha kiungio kilichogusana bila kushikana. Hicho kitavuja, kama si leo, basi siku mwenye nyumba atakapofunga pampu.

Sasa ukuta wenyewe. Tofali la saruji la inchi sita lina upana wa sentimita 15, na ukuta huo ndio unaobeba mkanda wa zege, paa na uzito wake wote. Wahandisi wana kanuni ya zamani inayofaa kila fundi aijue: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa inchi sita, hiyo ni sentimita tano kwenda chini na sentimita mbili na nusu tu kwenda pembeni. Mfereji wa mlalo una masharti makali kwa sababu unaukata ukuta kiuno. Uzito ulioshuka kupitia unene wote wa tofali unalazimika kupita kwenye kipande kilichobaki, kwa urefu wote wa mfereji.

Ukifuata hesabu hiyo, bomba la milimita 25 likifungwa klipu zake na kufunikwa saruji halienei katika mfereji wa mlalo. Na bado kwenye saiti nyingi utaona mfereji mrefu wa mlalo umezunguka chumba kizima kwa urefu wa kiuno, kutoka bafuni hadi jikoni, kwa sababu ndiyo njia fupi. Njia iliyo bora ni kupitisha bomba kuu juu ya dari, au chini kabla ya jamvi kumwagwa, kisha kulishusha au kulipandisha wima hadi kwenye kila koki. Hilo hugharimu mita chache zaidi za bomba. Mifereji miwili isichimbwe mgongo kwa mgongo pande mbili za ukuta mmoja. Nguzo na mkanda visiguswe kabisa. Kama bomba lazima lipite kwenye zege, kipande cha bomba kubwa zaidi huwekwa kati ya nondo kabla ya zege kumwagwa, ili bomba la maji lipite humo baadaye.

Namna ya kuchimba ina uzito pia. Grainda hupitishwa mara mbili kwa mistari sambamba, kisha tindo jembamba huondoa kilicho katikati. Anayeanza moja kwa moja kwa tindo na nyundo kubwa hutikisa maungio ya matofali ambayo saruji yake bado changa, na nyufa zake huonekana muda mrefu baada ya yeye kulipwa. Vumbi la grainda si la kuchezea: lina chembe za mchanga laini zinazokwenda kukaa kwenye mapafu. Barakoa nzuri na maji ya kunyunyizia ni haki ya yule kijana anayeshika mashine, na mwenye nyumba ana sauti ya kudai jambo hilo.

Bomba likishalazwa, lazima lishikwe. Hapa ndipo kazi nyingi hulegalega, kwa kuwa fundi huamini kuwa saruji itakayofuata italishika. Kwa maji baridi, klipu ya kila sentimita 80 hutosha kwa bomba la milimita 20. Kwa maji ya moto ni bora ziwe kila sentimita 60, na kila elbo iwe na klipu karibu yake. PPR hutanuka sana ikipata joto, takriban milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita tatu likitoka kwenye nyuzi 20 na kufika 60 hutaka kurefuka kwa milimita 18. Likiwa limezikwa vizuri na kubanwa pande zote, halipati pa kwenda, na plastiki yenyewe huumeza msukumo huo bila madhara. Likiwa limeachwa legelege katika mfereji uliojazwa nusu, au limefunikwa kwa lipu jembamba tu, husukuma elbo zake kila hita inapowashwa, mpaka ufa unaonyooka kama mstari wa rula ukatokea juu ya vigae.

Mahali pa kushika kwa nguvu kuliko pote ni mdomo wa koki. Zipo elbo zenye masikio mawili ya skrubu, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na tofauti ya bei yake na elbo ya kawaida haistahili kujadiliwa. Mtu atakayefungua na kufunga koki hiyo kwa miaka ishirini, na fundi atakayeikaza kwa spana, wote watakuwa wanalizungusha bomba lililo ukutani. Elbo isiyofungwa hucheza kidogo kila mara, na thredi zake huachia polepole. Kwa koki za bafuni zinazochanganya maji, mdomo wa moto huwa kushoto na wa baridi kulia, ikiwa na sentimita 15 kati yake katikati kwa katikati, imelazwa sawa kwa pimamaji. Fundi hupiga pia hesabu ya unene wa lipu, gundi na kigae ili mdomo uje sawa na uso wa mwisho wa ukuta. Akikosea, koki itashindwa kufika au itaning'inia nje, na watu wataanza kuunga vipande ambavyo havikupaswa kuwepo.

Na viungio vya kukaza kwa spana visizikwe. Yunioni, valvu, kiungio chochote chenye raba au nyuzi za kuzibia thredi, vyote vikae mahali mkono unafika: nyuma ya kijilango kidogo, chini ya sinki, juu ya dari. Ukutani zizikwe jointi zilizoyeyushwa peke yake. Kila bafu liwe na koki yake ya kufungia ili siku ya dharura nyumba nzima isikae bila maji.

Baada ya hayo kuna kazi moja ambayo isiporukwa, makosa mengi yaliyotajwa huko juu hugundulika yakiwa bado ya bei rahisi: kupima presha. Midomo yote huzibwa kwa plagi, mabomba hujazwa maji na hewa kutolewa, kisha pampu ndogo ya mkono yenye geji hufungwa na kusukumwa. Mtu huweza kuuliza kuna haja gani, ikiwa tenki lake liko juu ya mnara wa mita sita tu. Ni kweli kwamba kila mita kumi za kimo hutoa presha ya takriban baa moja, kwa hiyo tenki hilo halitoi hata baa moja kamili. Lakini nyumba hukaa miaka mingi. Mwaka mmoja maji ya mamlaka huja kwa nguvu usiku wa manane, mwaka mwingine hufungwa pampu ya kuongeza presha kwa ajili ya ghorofa mpya. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kupima kwa mara moja na nusu ya presha kubwa kabisa ambayo mfumo utatumia. Mafundi makini huvuka hapo wakafika baa 8 au 10, kiwango ambacho PN20 nzima hukihimili bila shida.

Mshale utashuka kidogo mwanzoni. Hilo lisimtishe mtu wala lisimpe fundi kisingizio: plastiki hutanuka chini ya presha, kwa hiyo husukumwa tena na kusubiriwa itulie kwa nusu saa hivi. Kuanzia hapo mshale unatakiwa ubaki palepale kwa saa mbili. Ukiendelea kuteremka, kuna mahali panavuja, na mahali hapo bado panaonekana kwa macho na kurekebishwa kwa elbo moja. Mafundi wazuri huenda mbele zaidi: huiacha presha ndani ya mabomba wakati lipu linapigwa. Msumari wa mtu aliyefunga ubao wa kunyooshea lipu ukilitoboa bomba, geji huanguka saa hiyohiyo na kila mtu anajua nani alikuwa wapi.

Kabla ya lipu hilo zinapigwa picha. Simu ya kawaida yatosha. Kila ukuta upigwe mfereji ukiwa wazi, tepu ya kupimia ikiwa imewekwa sakafuni na nyingine kutoka kwenye kona, ili umbali usomeke. Picha hizo zihifadhiwe pamoja na ramani na hati za kiwanja, maana ndizo zitakazoulizwa siku mtu anapotaka kutundika runinga au kabati. Mabomba yapite wima au mlalo kutoka kwenye koki, yasipite mshazari. Mpangaji asiye na picha hata moja basi atajua kwamba juu, chini na pembeni ya koki si mahali pa kutoboa. Kisha mfereji hulowanishwa, hujazwa saruji na mchanga, na wavu wa kuku hupigiliwa juu ya maungio yake na matofali kabla ya lipu, ili ufa usifuate njia ya bomba.

Mabomba ya maji machafu yana hesabu nyingine. Bomba la choo lina kipenyo cha milimita 110, na ukuta wa milimita 150 hauwezi kulibeba tumboni ukabaki ukuta. Lijengewe uwazi wake wenye mlango, au lishuke nje ya nyumba hadi kwenye chemba, kwa mteremko wa sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita. Kuliacha bomba lionekane si aibu. Wasanifu Renzo Piano na Richard Rogers waliyatoa nje mabomba yote ya jengo la Centre Pompidou jijini Paris, lililofunguliwa mwaka 1977, wakayapaka rangi: ya maji yakawa ya kijani.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kulitoa bomba nje ni suala la uhai wa nyumba. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa hazikujengwa zikisubiri mabomba. Watu walichota visimani, mpaka Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay, alipovuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji na kujenga bafu za umma za Hamamni. Baadaye kila ghorofa likataka bafu lake, na mabomba yakachimbiwa ndani ya kuta za chokaa.

Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa tena hewani. Bomba likivuja ndani yake kidogo kidogo, maji hayatoki mbele yakaonekana. Husambaa ndani, yakalainisha chokaa, yakafika kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ukutani kubeba sakafu. Boriti za mikoko huvumilia karne nzima zikiwa kavu, ila ncha iliyolowa muda wote huoza, na sakafu huanza kushuka upande mmoja. Mara nyingi mwenye nyumba huona unyevu na kuupiga lipu la saruji ili kuuzuia, na hapo huwa ameufungia ndani: ukuta uliokuwa ukipumua hauna tena pa kutolea maji. Wataalamu wa uhifadhi wanasisitiza chokaa kwa chokaa, bafu zipangwe juu kwa juu, na mabomba yapite mahali yanapoonekana, kwenye kona ya ua au kwenye uwazi unaofunguka. Mji ule, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, unaharibiwa pia na maji madogo ya kila siku, si na mvua za masika peke yake.

Kwa aliyekwisha kujenga na anayeona doa ukutani, kuna vipimo visivyohitaji kuvunja. Unyevu unaopanda kutoka msingini huenea chini ya ukuta mzima na huacha chumvi nyeupe. Doa la bomba la maji safi hukua kiangazi na masika sawasawa. Doa la maji machafu huongezeka bafu linapotumika na hupungua familia ikisafiri. Kisha mita: koki zote zifungwe, pamoja na ile inayopeleka maji kwenye tenki, namba zisomwe, na zisomwe tena baada ya saa mbili. Zikibadilika, bomba lililo kati ya mita na tenki linavuja. Kwa upande wa tenki, alama huwekwa kwenye usawa wa maji usiku na kutazamwa asubuhi.

Kabla ya kuvunja vigae vya bafuni, fundi atazame upande wa pili wa ukuta. Mara nyingi upo ukuta wa korido au chumba, wenye lipu na rangi tu, na mfereji hufunguliwa kutokea huko kwa gharama ndogo. Kama ni GI iliyochoka, kuziba tundu moja ni kulikaribisha jingine nusu mita mbele. Ni afadhali njia nzima iachwe na bomba jipya la PPR lipitishwe juu ya dari. Bomba la zamani likatwe pale linapochipuka kutoka kwenye bomba kuu na kuzibwa hapohapo. Likizibwa upande wa koki tu, litabaki limejaa maji yasiyotembea, yaliyounganishwa na maji ya kunywa ya nyumba.